Angeanza na Mji

Walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, na ninyi vijana wangu mnaojifunza kuandika programu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Juzijuzi kijana mmoja niliyemfundisha zamani alinitembelea nyumbani. Siku hizi ana kampuni yake, ameajiri watu kumi na wawili, na programu aliyoiandika inatumika katika maduka ya dawa ya mikoa kadhaa. Tulikunywa chai, tukaulizana habari za watoto, tukaongea ya dunia. Alipokuwa ameinama mlangoni anafunga kamba za viatu ndipo akalitoa lililomleta. "Mwalimu, nataka kugombea." Nikamuuliza, kugombea nini? Akasema, ubunge. Nikamuuliza tena, mwenyekiti wa serikali ya mtaa wenu unamfahamu? Akabaki ameshika kamba mkononi. Hamfahamu.

Sikumvunja moyo, na ninyi sikuja kuwavunja moyo. Nilimwambia avue viatu arudi ndani akae, nikamsimulia habari za mtu mmoja wa Korea Kusini, na ndizo nilizokuja nazo leo. Katika fani yetu simfahamu mtu mwingine aliyeingia kwenye siasa akiaminiwa na watu wengi kiasi kile, akautaka mji, akaitaka na nchi, kwa zaidi ya miaka kumi, huku wananchi wake wakimtazama kila hatua. Anaitwa Ahn Cheol-soo. Wakorea hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Ahn ndilo la ukoo. Mbele kidogo mtaona kwa nini nalitaja hilo.

Alizaliwa mwaka 1962 na kukulia Busan, mji wa bandari, ambako baba yake alikuwa daktari. Naye akasomea udaktari, Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul. Sasa wengi wenu hapa hamjawahi kushika disketi. Sisi tuliishika: kibamba cheusi cha inchi tano na robo, chembamba, ukikikunja kidogo tu kazi yako ya mwezi mzima imepotea. Mwaka 1986 ndugu wawili waliokuwa na duka la kompyuta mjini Lahore, Pakistan, waliandika programu ndogo iliyojificha katika sehemu ya kwanza kabisa ya disketi, ile ambayo kompyuta huisoma kabla ya kitu kingine chochote. Ukitazama jina la disketi yako unakuta limebadilika, limeandikwa Brain. Ndani ya kirusi hicho walikuwa wameweka majina yao, anwani ya duka na namba ya simu. Hakukuwa na intaneti ya kukisambaza. Kilisafiri mikononi na mifukoni mwa watu, disketi kwa disketi, na mwaka 1988 kikafika kwenye kompyuta ya huyu daktari kijana aliyekuwa akiendelea na masomo yake ya juu.

Akakifungua kirusi, akakisoma mstari kwa mstari, akaandika programu ya kukisafisha. Akaiita chanjo, kwa kuwa yeye ni daktari na hilo ndilo neno lililomjia. Watu wakaiomba, akawapa bure. Vikaja virusi vingine, akaandika chanjo nyingine. Na hapa ndipo ninapompendea mtu huyu: kwa miaka saba aliamka saa tisa usiku, akaandika programu hadi saa kumi na mbili asubuhi, kisha akavaa akaenda kufanya kazi yake ya udaktari na kufundisha. Miaka saba. Hakuna aliyekuwa akimlipa, hakuna aliyemlazimisha, na kila aliyeletewa disketi iliyooza alijua kuna mtu Seoul ambaye hajalala.

Machi 1995 aliacha udaktari akaanzisha kampuni, hii inayoitwa AhnLab leo. Mtu binafsi aliendelea kupata programu bure; ofisi na makampuni ndiyo yaliyolipa. Anasimulia mwenyewe kwamba mwaka 1997 kampuni kubwa ya Marekani ilitaka kumnunua kwa dola milioni 10, akakataa. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi cha CIH kilipolipuka, Korea ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana, na maelfu kwa maelfu ya kompyuta yakafutika siku moja. Baada ya hapo nani angebisha tena kwamba chanjo ni kitu cha kununua? Mwaka 2001 kampuni ikaingia kwenye soko la hisa. Mwaka 2005 akaachia uongozi wake kwa hiari, akaenda kusoma Marekani, akarudi kuwa mwalimu wa chuo kikuu.

Kwa hiyo ilipofika mwaka 2011, wakati akizunguka miji kuzungumza na vijana waliomaliza vyuo wakakosa kazi, hakuwa tajiri tu aliyekuja kutoa nasaha. Kompyuta za watu wale ziliwahi kuponywa naye walipokuwa watoto. Kumbi zilijaa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Mwaka huohuo jiji la Seoul lilikuwa likigombana juu ya chakula cha mchana cha shuleni. Baraza la jiji, ambalo wapinzani ndio waliokuwa wengi, lilitaka watoto wote wale bure. Meya Oh Se-hoon akasema bure iwe kwa wasiojiweza peke yao. Akalipeleka jambo kwenye kura ya maoni tarehe 24 Agosti. Sheria yao ilisema wakijitokeza pungufu ya theluthi moja ya wapiga kura, masanduku hayafunguliwi. Walijitokeza asilimia 25.7. Masanduku yakabaki yamefungwa, na meya, aliyekuwa amekwisha kuapa kwamba akishindwa ataondoka, akaondoka. Jiji la watu milioni kumi lilikosa meya kwa ajili ya sahani ya mtoto.

Wapo watakaosema ni jambo dogo. Mimi nimefundisha shule, nawaambia si dogo hata kidogo. Kwenye sahani ile kuna bajeti, kuna mzabuni, kuna mpishi na mshahara wake, na kuna lile swali gumu kuliko yote: mtoto wa maskini asimame kwenye foleni yake peke yake wenzake wakimtazama, au wote washike sahani moja? Hiyo ndiyo siasa ya mji. Unaweza kuishika kwa mkono.

Uchaguzi mdogo ukapangwa Oktoba. Likavuma kwamba Ahn anafikiria kugombea, na uchunguzi wa maoni ukampa karibu nusu ya wapiga kura kabla hajafungua mdomo. Mwanasheria mmoja mtetezi wa haki, Park Won-soon, alikuwa na kama asilimia 5 tu. Wakakutana, wakazungumza kwa muda mfupi, na tarehe 6 Septemba Ahn akatangaza kwamba hagombei, anamwachia Park. Park alikuwa ametoka kutembea milimani kwa wiki kadhaa, alifika na ndevu zake ndefu bado hazijanyolewa. Siku mbili kabla ya kura, Ahn alikwenda kwenye ofisi ya kampeni akampa barua iliyomkumbuka Rosa Parks, yule mama mweusi wa Marekani aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi mwaka 1955. Park akashinda kwa asilimia 53.4.

Nchi nzima ilimsifu Ahn. Nami nawaelewa waliomsifu. Mtu mwenye 50 kumpisha mwenye 5 ni uungwana ambao hata huku kwetu tungeutungia wimbo. Lakini nimeifikiria siku ile mara nyingi, na nimefika mahali naamini kwamba ndiyo siku alipopoteza njia. Alipewa darasa akalitoa zawadi.

Meya wa Seoul anashika maji, mabasi, taka, shule, mitaa yenye mafuriko na wazee wanaoishi peke yao. Anakosea Jumatatu, Jumanne analaumiwa, Jumatano anarekebisha. Si ndiyo kazi yetu sisi tunaoandika programu? Na asingekuwa wa kwanza kutoka kwenye biashara kwenda mji. Lee Myung-bak alikuwa bosi wa kampuni ya ujenzi. Akawa meya mwaka 2002, akapanga upya mabasi ya jiji, akabomoa barabara ya juu na kuufukua mto wa Cheonggyecheon uliokuwa umezikwa kwa zege, na watu walioweka miguu kwenye maji yale ndio waliomfikisha ikulu mwisho wa 2007. Simsifu kwa yote. Alikuja kufungwa kwa rushwa. Nasema tu kwamba mpiga kura alipomtazama aliona kazi iliyoonekana kwa macho.

Na sasa mtazameni Park, yule wa asilimia 5. Hati ya kwanza aliyosaini alipoingia ofisini ilikuwa ya fedha za chakula cha watoto wa darasa la tano na la sita. Mwaka 2013 akaanzisha mabasi ya usiku. Seoul, baada ya saa sita za usiku, treni za chini ya ardhi hulala, na waliobaki mjini ni wafagiaji wa majengo, wapishi, walinzi na madereva wa kukodi, watu ambao nauli ya teksi ingekula mshahara wao. Basi lipite wapi? Jiji likachukua rekodi za simu za usiku wa manane zipatazo bilioni 3 kutoka kampuni ya simu, zikaonyesha watu walikuwa wapi wakati ule na kwao ni wapi, na mistari ya mabasi ikachorwa kufuata nyayo hizo. Wakayaita mabasi ya bundi. Jamani, hiyo ni kazi ya nani? Ni kazi ya mtu aliyekuwa akiamka saa tisa usiku! Alikuwepo Seoul mtu aliyeijua saa ile kuliko meya yeyote, aliyezijua na takwimu, na mabasi ya bundi yakaanzishwa na mwanasheria kwa kuwa mwanasheria ndiye aliyekuwa kwenye kiti.

Yeye wakati huo alikuwa wapi? Alikuwa amepanda ngazi ya juu kabisa bila kukanyaga ya chini. Tarehe 19 Septemba 2012 alitangaza kuwania urais, ikiwa imebaki miezi mitatu, hana chama, hana diwani hata mmoja, ana neno moja: siasa mpya. Neno zuri. Lakini siasa mpya ni nini? Kwenye programu ukisema "toleo jipya" unaandika chini yake umebadilisha nini na nini. Wapiga kura walisubiri orodha hiyo. Upinzani ukawa na wagombea wawili, yeye na Moon Jae-in, wakalumbana mpaka juu ya namna swali la uchunguzi wa maoni litakavyoulizwa kwa simu, na tarehe 23 Novemba akajitoa kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka. Moon akashindwa na Park Geun-hye, si Park yule meya. Ahn alipiga kura yake, na siku hiyohiyo akapanda ndege kwenda Marekani.

Hapa nirudi kwenye jina. Kwa Kikorea, cheolsu, jinsi linavyosikika jina lake, ni neno la kawaida lenye maana ya kujiondoa, kama jeshi linavyorudi nyuma. Na an, ukiliweka mbele ya kitendo, linakanusha: si, ha-. Kwa hiyo jina zima unaweza kulisikia "hajiondoi". Wafuasi wake walilipenda sana hilo. Wapinzani wakakata silabi ya kwanza.

Aprili 2013 akaingia bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa Nowon, kaskazini mwa Seoul, kwa asilimia 60. Mwaka 2014 akaunganisha kundi lake na chama kikuu cha upinzani, akawa kiongozi mwenza, akajiuzulu ndani ya miezi michache. Desemba 2015 akatoka chamani. Februari 2016 akaanzisha chama chake, na hapo alifanya kitu kikubwa kweli: miezi miwili baadaye chama kilipata viti 38 kati ya 300. Lakini vichungulieni viti vile. Vya majimbo vilikuwa 25, na 23 kati yake vilitoka Gwangju na mikoa ya Jeolla, kusini magharibi, kwa watu waliokuwa wamekichoka chama chao cha siku zote. Seoul, mji ambao miaka mitano nyuma nusu yake ilikuwa tayari kumpa funguo, ulimpa viti viwili.

Mwaka 2017 akawania urais tena, kwenye uchaguzi uliofuata kuondolewa kwa Park Geun-hye. Kuna usiku mmoja katika kampeni ile ambao hauniondoki. Mtandaoni ulikuwa unazunguka uvumi kwamba yeye ni kibaraka wa rais wa zamani Lee Myung-bak, ambaye Wakorea humwita MB. Kwenye mdahalo wa televisheni, tarehe 23 Aprili, akamgeukia Moon akamuuliza: je, mimi ni kivuli cha MB? Alitaka Moon akanushe, yaishe. Lakini mamilioni waliokuwa wamekaa sebuleni kwao hawakuwahi kuusikia uvumi ule, waliusikia kwake. Mtu aliyejua kuliko wote jinsi kirusi kinavyosafiri alikipeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba. Sisemi haya kumcheka, ninaumia ninapoyasema. Akapata asilimia 21.4, wa tatu.

Baada ya hapo akaurudia mji. Mwaka 2018 akagombea umeya wa Seoul dhidi ya Park yuleyule aliyemwachia, akawa wa tatu tena. Akaenda ng'ambo. Park alifariki Julai 2020, muda mfupi baada ya mwanamke aliyekuwa katibu wake kupeleka polisi malalamiko ya kunyanyaswa kingono, na tume ya haki za binadamu ya nchi ile ikaja kuthibitisha kwamba mwanamke huyo alinyanyaswa. Kwa hiyo ninapoyasifu mabasi ya bundi, na hilo mlijue. Kiti kikawa wazi. Ahn akautaka umeya kwa mara nyingine mwaka 2021, na aliyemzidi ndani ya kambi ya upinzani alikuwa nani? Oh Se-hoon. Meya wa sahani ya mtoto, aliyeondoka mwaka 2011. Miaka kumi imezunguka, aliyeshindwa na mji akarudi kitini, na aliyepewa mji bure yuko nje ya mlango.

Machi 2022, siku sita kabla ya kura ya urais, akajitoa kumpisha Yoon Suk-yeol, ambaye alishinda kwa tofauti ya asilimia 0.73 tu. Juni mwaka huo akarudi bungeni kwa jimbo la Bundang, na ndani ya jimbo hilo ndimo ulimo mtaa wa Pangyo, yalipo makao makuu ya AhnLab. Ilimchukua zaidi ya miaka kumi kuomba kura kwa majirani wa kampuni yake. Nilipofika hapo kijana wangu aliinamisha kichwa, maana aliona namwendea.

Lakini sitaki muondoke hapa mkidhani mtu huyu hana kitu. Machi 2020, korona ilipoushambulia mji wa Daegu na hospitali zikafurika, yeye na mke wake, ambaye pia ni daktari, walikwenda kujitolea. Hakukuwa na kura ya kuomba ndani ya wodi ile. Kuna picha yake akitoka zamu: amevua vazi la kujikinga, nguo ya hospitali imelowa jasho kifuani na mgongoni, uso una alama za barakoa. Ninaitazama picha hiyo ninamwona yule wa saa tisa usiku. Mikono yake ilipopewa kazi iliyo mbele yake, mgonjwa huyu, dripu hii, alijua la kufanya. Ndiyo maana nasema, na nitazidi kusema hata mkinichoka: mji ungemfaa, naye angeufaa mji.

Nikamwonyesha kijana wangu na picha ya pili. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024 Yoon alitangaza utawala wa kijeshi. Bunge likaufuta kabla hakujapambazuka, kwa kura 190 bila hata moja ya kupinga. Jumamosi iliyofuata, tarehe 7, ikaletwa hoja ya kumwondoa Yoon madarakani. Zilihitajika kura 200. Nje ya bunge umati ulikuwa umesimama kwenye baridi. Wabunge wa chama tawala, chama cha Ahn sasa, walipiga kura ya hoja iliyotangulia, kisha wakasimama wakatoka, wote, ili idadi isitimie. Upande wao wa ukumbi ukabaki viti vitupu, safu kwa safu, na katikati yake mtu mmoja amekaa peke yake, hajasogea: Ahn.

Baadaye mwenzake Kim Yea-ji, mbunge asiyeona, alirudi ukumbini akapiga kura, kisha Kim Sang-wook naye akarudi. Jumla wakawa 195, na hoja ikaanguka. Jumamosi ya tarehe 14 ikaletwa tena, na kura za kumwondoa zikawa 204.